Yoga na dawa za lehemu: maumivu yapi ni ya mkao, yapi ni ya kidonge?

MkekaWaCapri

Mwangaluka wana jukwaa. Naomba msaada wa wenye taaluma, hasa wafamasia na watu wa tiba ya viungo.

Kundi langu la yoga hukutana Jumanne na Ijumaa saa 12:30 asubuhi, upande wa Capri Point, Mwanza. Tuko 14, umri kuanzia miaka 45 hadi 68, sakafu ya saruji, kipindi dakika 60. Kwenye fomu za afya za mwezi huu watano wameandika kwamba wanameza dawa za kushusha lehemu (kolesteroli), zile ziitwazo statini. Watatu wako kwenye atorvastatin 20 mg, mmoja rosuvastatin 10 mg, mmoja simvastatin 40 mg. Huyo wa simvastatin ana amlodipine 10 mg ya presha pia. Mmoja wa atorvastatin anatumia metformin na glibenclamide kwa ajili ya sukari, na mwingine yuko kwenye losartan iliyochanganywa na hydrochlorothiazide kwa ajili ya presha.

Ratiba yetu: salamu za jua (mfululizo wa kusimama, kuinama, kushuka chini na kurudi juu) mizunguko 8, mkao wa kiti (magoti yamekunjwa kama umekalia kigoda kisichokuwepo) pumzi 10, mkao wa shujaa (mguu mmoja mbele goti limekunjwa, mwingine nyuma) pumzi 8 kila upande, mkao wa ubao (mwili umenyooka juu ya mikono na vidole vya miguu) kisha kushusha kifua taratibu hadi chini mara 6, kusimama kwa mabega dakika 3, pumzi za haraka za tumbo, mwisho kulala chali dakika 5.

Mtu akisema mapaja yanamuuma, nitajuaje kama ni mazoezi au ni dawa? Kuna mkao wa kuondoa kabisa? Na wawili wameuliza kama wanaweza kuruka kidonge siku ya mazoezi ili misuli ipumzike. Nimewaambia wasiguse dawa mpaka nipate jibu la uhakika.

Mfamasia_Kirumba

Umewajibu vizuri. Lakini naanza na huyo wa simvastatin 40 mg na amlodipine 10 mg, maana lake haliwezi kungoja Ijumaa. Amlodipine hupandisha kiwango cha simvastatin kwenye damu, ndiyo sababu kikomo cha simvastatin kwa anayemeza zote mbili ni 20 mg kwa siku. Yeye yuko mara mbili ya hapo. Kadiri dawa inavyojaa kwenye damu ndivyo hatari ya kuumiza misuli inavyoongezeka. Asikate kidonge nusu kwa uamuzi wake na asiache presha ikae bila dawa. Abebe pakiti zote mbili arudi kwa aliyemwandikia. Mara nyingi hubadilishiwa atorvastatin au rosuvastatin, ambazo hazina kikomo hicho na amlodipine. Mpaka aonwe, mazoezi yake yawe kunyoosha viungo akiwa amekaa kwenye kiti tu.

Hilo ndilo somo la watano wote. Misuli ikiuma kwa mtu ambaye amekaa na dawa hiyo hiyo mwaka mzima bila shida, swali la kwanza ni "umeongezewa dawa gani wiki hizi?" Huku kwetu mtego mkubwa ni dawa za vidonda vya tumbo. Ule mchanganyiko wa wiki moja au mbili wa kuua bakteria wa tumbo mara nyingi una clarithromycin ndani yake. Simvastatin husimamishwa kabisa kwa siku hizo zote; atorvastatin daktari huisimamisha kwa muda au huizuia isizidi 20 mg. Erythromycin iko kundi hilo hilo, pamoja na vidonge vya fangasi vya ketoconazole na itraconazole. Kwa wanaotumia ARV zenye ritonavir, simvastatin haiguswi kabisa, na atorvastatin na rosuvastatin hupunguzwa dozi. ARV ya dolutegravir haina ugomvi huo. Mwanakikundi akiambiwa ataje dawa zake ataje na hizi, maana wengi huandika kwenye fomu zile za kila siku tu na kusahau dozi ya wiki mbili iliyopo mezani.

Balungi: anayemeza simvastatin aachane nalo, tunda na juisi. Wa atorvastatin asinywe juisi yake kwa wingi. Wa rosuvastatin hahusiki.

Kuna dawa moja isiyo ya lehemu lakini mwalimu wa yoga lazima aijue: ciprofloxacin, ambayo ni antibiotiki. Inaweza kudhoofisha kano, hasa ile ya kisigino, hata kuikata, na hatari ni kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 60. Mtu akiwa kwenye dozi hiyo, na wiki kadhaa baada ya kuimaliza, asivute kisigino kwa nguvu wala kuruka.

Sasa kuruka kidonge. Haina faida yoyote. Nusu ya atorvastatin huwa bado iko mwilini baada ya saa 14 hivi, rosuvastatin baada ya saa 19, kwa hiyo anayeruka Ijumaa hajapumzisha kitu. Anachopoteza ni mazoea ya kumeza. Saa ya kumeza nayo haigongani na mazoezi: simvastatin usiku, hizo mbili saa yoyote ilimradi iwe ile ile kila siku. Na tusidanganyane kwamba yoga itachukua nafasi ya kidonge. Atorvastatin 20 mg hushusha LDL, ile inayoitwa lehemu mbaya, kwa takriban asilimia 40, kwa kuzuia kimeng'enya cha ini kinachotengeneza lehemu. Hakuna mkao unaofanya hivyo.

Wasitishwe kupita kiasi pia. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2022 ulijumlisha majaribio 19 ambamo karibu watu 124,000 waligawanywa, wengine wakapewa dawa hizi, wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake. Walioripoti maumivu au udhaifu wa misuli walikuwa asilimia 27.1 upande wa dawa na asilimia 26.6 upande wa vidonge vitupu. Maana yake maumivu mengi ya misuli ya mtu anayemeza dawa hizi yangekuwepo hata bila dawa. Yapo ya kweli ya dawa, na hayo ndiyo ya kuyawinda kwa makini.

FizioZiwani

Mfamasia amemaliza upande wa kidonge, mimi nachukua upande wa mkeka.

Kinachonitia wasiwasi kwenye ratiba yako ni kushuka. Misuli inaweza kufupika ikinyanyua kitu, inaweza kukaza bila kusogea, na inaweza kurefuka huku imekaza, kama breki ya baiskeli kwenye mteremko. Hiyo ya breki ndiyo inayoumiza nyuzi za misuli kuliko nyingine zote. Tazama mtu anavyoshusha kifua kutoka mkao wa ubao: viwiko vinakunjika polepole, mikono inaanza kutetemeka, uzito wote umeninginia kwenye misuli inayorefuka. Umeandika mara 6, lakini kila mzunguko wa salamu za jua nao una kushuka kumoja. 8 na 6 ni 14 kwa kipindi kimoja, mara mbili kwa wiki, kwa mtu wa miaka 60. Huyo ataumwa hata kama hajawahi kumeza kidonge chochote, kisha atasingizia dawa na kuitupa. Hapo ndipo hasara ya kweli ilipo.

Kuhusu kutofautisha, angalia saa, mahali na nguvu.

Saa: maumivu ya mazoezi huanza usiku ule au kesho yake, hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, yanapungua, na ndani ya wiki yamekwisha. Kipindi cha Ijumaa kikiuma, Jumapili ndiyo siku mbaya, Jumatano mtu ametulia. Ya dawa hayana kilele. Yanakuja taratibu, mara nyingi ndani ya wiki 4 hadi 6 tangu kuanza dawa au kuongezwa dozi, na hayaondoki hata mtu akipumzika siku kumi.

Mahali: ya mazoezi yako kwenye misuli iliyofanya kazi, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inauma pale pale. Ya dawa hupenda misuli mikubwa, mapaja, makalio, vigimbi, mabega na mgongo, tena pande zote mbili kwa usawa. Goti moja linalochoma, au maumivu yanayoshuka mguu mmoja na ganzi, si habari ya statini. Hilo ni goti au mgongo, na linataka uchunguzi wake.

Nguvu ndiyo naijali kuliko yote. Mtu mwenye maumivu ya mazoezi ananung'unika lakini anainuka. Mtu ambaye dawa imemgusa anaweza kushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono, au anavuta reli kwenye ngazi alizokuwa akizipanda bila kushika kitu. Kwa hiyo pima. Chukua kiti cha plastiki kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze, mtu akae, mikono ameikunja kifuani, miguu chini. Kwa sekunde 30 ahesabiwe ameinuka wima mara ngapi. Andika kwenye daftari, rudia kila baada ya wiki mbili, siku ambayo hana maumivu ya kipindi kilichopita. Usimlinganishe na jirani yake, mlinganishe na namba yake mwenyewe. Aliyekuwa na 13 akashuka hadi 9 bila sababu, simamisha mazoezi ya nguvu na umwambie aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Uliza pia mtu anakaa wapi. Hili Mwanza lina uzito. Anayeishi juu kwenye mawe, Mabatini au Isamilo, anashuka mlima kila asubuhi, na kushuka mlima ni breki ile ile ya mapaja. Misuli yake imezoea. Misuli ikishapata dozi ndogo ya kazi hiyo huumia kidogo tu safari inayofuata. Aliyetoka Igoma kwa daladala, kote tambarare, akipigishwa mkao wa kiti pumzi 10 siku ya kwanza atatembea kama ana vidonda. Sababu ni mazoea, dawa haina lawama hapo.

Ratiba yako ningeipanga hivi kwa hao wanne waliobaki. Dakika 10 za mwanzo ni za kupasha mwili: kutembea papo hapo, kuzungusha mabega, kiuno, vifundo vya miguu. Salamu za jua mizunguko 3, na mahali pa kushusha kifua waweke magoti chini kwanza, washuke kwa mara moja bila kuchelewesha. Mkao wa kiti waufanyie ukutani, mgongo umeegemea, magoti yamekunjwa nusu tu, pumzi 3, wapumzike, warudie mara moja. Shujaa pumzi 3 hadi 4 kila upande, mguu wa nyuma ukiwa karibu kuliko walivyozoea. Zile 6 za kushusha kifua zitoe kabisa kwa wiki 4 za kwanza. Badala yake wasukume ukuta wakiwa wamesimama hatua moja kutoka ukutani, mara 8. Kipimo cha ugumu ni mazungumzo: mtu aweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Usitegemee mapigo ya moyo, kwa sababu akiwa na atenolol (dawa ya presha) au dawa ya jamii hiyo mapigo hayapandi sana hata akichoka.

Kuongeza: kitu kimoja kwa wiki mbili. Ukiongeza pumzi, usiongeze mizunguko. Na kanuni ambayo ningeibandika mlangoni: wiki ambayo daktari amebadilisha dawa au dozi, mazoezi hayabadilishwi, wiki unayoongeza mazoezi, iwe ni wiki ambayo dawa imetulia. Ukibadilisha vyote pamoja hakuna daktari atakayeweza kusoma maumivu hayo yametoka wapi.

Vifaa vyenyewe: mkeka wa ukili huteleza juu ya saruji, hasa asubuhi sakafu ikiwa na umande. Tafuta mpira wa kuzuia kuteleza uweke chini yake. Godoro la sponji usilitumie kwa mikao ya kusimama, mguu unazama na kifundo kinajipinda. Tofali lililofungwa kanga linatosha kwa asiyefika sakafuni, na kanga iliyokunjwa kwa urefu inafaa kuvutia mguu ukiwa umelala.

MaabaraNyegezi

Niongeze la vipimo, kwa sababu hapa watu hupoteza hela na kupata hofu bure.

Kipimo cha misuli kinaitwa CK, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu misuli ikiumia. Kazi nzito yenyewe huipandisha, inaweza kubaki juu siku kadhaa hata wiki. Mtu akitoka kwenye kipindi chako Ijumaa akapimwa Jumamosi, namba itakuwa juu na dawa itahukumiwa kwa kosa la mkeka. Kama hakuna dharura, apumzike mazoezi mazito siku 5 hadi 7 ndipo atoe damu, na amwambie anayempima kwamba anafanya mazoezi. Jambo jingine: watu wenye asili ya Afrika, hasa wanaume, huwa na CK ya juu kuliko viwango vilivyochapwa kwenye karatasi nyingi za majibu. Alama nyekundu pembeni ya namba pekee haitoshi kumsimamishia mtu dawa. Daktari huangalia imezidi kikomo mara ngapi. Ikizidi mara 10, dawa husimamishwa mara moja na figo hupimwa. Kati ya mara 4 na 10 ataamua kwa kuangalia dalili. Ndiyo maana ni vizuri kuwa na CK ya kabla ya kuanza dawa, kwa wenye historia ya misuli au ugonjwa wa tezi ya shingo.

Dharura yenyewe ni mkojo. Misuli ikivunjika kwa wingi, rangi yake hupita kwenye figo na mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea au Coca-Cola, pamoja na maumivu makali na udhaifu. Ni nadra sana, lakini huua figo, na mtu anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo. Kanda ya Ziwa kuna tatizo lake: mkojo wenye rangi humpeleka mtu moja kwa moja kwenye kipimo cha kichocho. Kijiti cha mkojo kitaonyesha "damu", kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu na ile protini ya misuli. Mkojo ukiwekwa chini ya hadubini na chembe nyekundu za damu hazionekani, huku kijiti kimesema damu ipo, basi huenda hiyo ni misuli. Mgonjwa aseme mwenyewe: "Namezea lehemu dawa fulani na nimefanya mazoezi." Sentensi hiyo moja inabadilisha njia yote ya uchunguzi. Mkojo wa rangi ya chungwa kwa anayetumia rifampicin, dawa ya kifua kikuu, ni rangi ya dawa hiyo tu.

MkekaWaCapri

Ahsanteni sana, wakuu. Wa simvastatin nimeshampigia simu, anaenda kliniki kesho na pakiti zake. Yamebaki mawili. Kusimama kwa mabega na pumzi za haraka sikuona mtu kayagusa. Na kuna mama wa miaka 61 ameandikiwa atorvastatin 40 mg juzi, anataka kujiunga Jumanne ijayo, asubiri?

Muuguzi_KlinikiYaPresha

La kwanza nalijibu mimi. Kusimama kwa mabega na kwa kichwa yatoe kwa kila mwenye presha ambayo haijatulia, mwenye presha ya macho, na mwenye kisukari ambaye macho yake hayajapimwa. Kichwa kikiwa chini shinikizo kwenye macho hupanda. Badala yake walale chali, miguu imeegemezwa ukutani, dakika 5, inawatosha. Pumzi za haraka za tumbo nazo ziondoke, pamoja na kuzuia pumzi ukiwa umekaza mwili, maana presha hurushwa juu ghafla. Wafundishe kutoa pumzi wakati wa kunyanyua.

Kuwa na mashine ya presha ya mkononi. Aliye na 180/110 au zaidi hafanyi mazoezi siku hiyo. Kwa wa losartan na hydrochlorothiazide, shida ni kinyume: presha inaweza kudondoka akitoka kuinama. Mpime amekaa, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, mrudishe kliniki. Kwenye mkeka asiinuke kwa mkupuo. Kutoka kuinama: mikono magotini, pumzi mbili, mikono kiunoni, pumzi mbili, ndipo kichwa kije juu mwisho kabisa. Kutoka kulala chali: ageuke ubavu, akae, ahesabu hadi 20, asimame akiwa na ukuta karibu.

Wa glibenclamide asije na tumbo tupu saa 12:30 asubuhi. Uji au kipande cha kiazi kabla, na sukari ya kulamba iwe mfukoni. Akianza kutoka jasho jembamba na kutetemeka, usimwache alale chali kwa kudhani amechoka.

Na maumivu ya kipindi yasitibiwe kwa diclofenac ya duka la jirani. Kwa mtu mwenye losartan na hydrochlorothiazide, kuongeza diclofenac ni kuzibana figo kutoka pande tatu. Paracetamol na kitambaa cha maji ya moto, basi.

FizioZiwani

Huyo mama asiachwe nyumbani, atakata tamaa. Ila hapo ndipo kanuni ya kitu kimoja inapohusika: dawa ndiyo mpya kwake, kwa hiyo mazoezi yawe yale ambayo mwili wake unayajua. Kwa wiki 6 za kwanza atembee dakika 20 hadi 30 kwenye tambarare ya kando ya ziwa, siku 5 kwa wiki, na Jumanne na Ijumaa aje akae kwenye kiti: kunyoosha, kupumua, mabega, hakuna kukaza mapaja. Mhesabie kiti cha sekunde 30 siku ya kwanza kabisa, hiyo ndiyo namba yake ya msingi. Kipimo chake cha kurudia lehemu kitaangukia kati ya wiki 4 na 12 tangu aanze dawa. Aje na majibu, na kama misuli imekaa kimya hadi wakati huo, ndipo aanze mkao wa kiti ukutani, pumzi 3. Muulize pia kama tezi ya shingo imewahi kupimwa, kwa sababu tezi ikifanya kazi kidogo hupandisha lehemu na pia huongeza uwezekano wa dawa hizi kuumiza misuli.

Mfamasia_Kirumba

Nakubaliana. Na akiuziwa vidonge vya CoQ10 vya "kulinda misuli", aelezwe kwamba matokeo ya tafiti zake yanapingana na bei yake si ndogo. Hela hiyo aiweke kwenye kipimo cha tezi.